Tumeboresha Uthabiti

Niliinunua Luthuli, ghorofa ya pili, kwa Achesa,
msimu wa mvua ndefu, kwa pesa za harusi tatu
ambazo sikuwa nimezipiga bado.
Achesa aliipangusa lenzi kwa ncha ya tai yake, akasema:
"Hii, dada, haijamaliza kukua.
Kiwandani wataipelekea akili kidogokidogo."
Nikacheka. Nikalipa.
Risiti nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa,
mahali mume wangu hapafungui.

Tangu hapo nangoja.

Marehemu baba alinunua cherehani kabla sijazaliwa
na hakuna usiku aliamka kuchungulia
kama imejifunza kudarizi.
Ilishona ilichoshona. Ikikwama, mafuta.
Lakini cherehani haikumwahidi kitu;
hakuna mtu aliyepanda jukwaani na fulana nyeusi
kutangaza kwamba mwakani sindano itaijua kola.
Mimi niliahidiwa, na ahadi ni deni,
ingawa sikumbuki ni nani hasa aliyetia sahihi.
Tena, niseme ukweli wote:
wao walisema "tunatarajia".
Mimi ndiye niliyesikia "tutaleta".

Na ninachotaka ni kidogo.
Nataka ukumbini Pangani, saa mbili usiku,
mshereheshaji akishawasha zile taa za zambarau,
kamera imwone bibi harusi kabla ya keki.
Keki ni nyeupe, na hii yangu
hukikimbilia cheupe kama nzi kwenye maziwa;
Kemunto, mweusi wa kung'aa, mzuri wa kuumiza,
akabaki ukungu wenye meno.
Mama yake alizipitia picha mojamoja, akauliza taratibu:
"Sasa hii ilikuwa harusi ya mtoto wangu au ya keki?"
Nikarudisha elfu nane.

Jana, saa tano usiku, sasisho likafika.
Subira huvuta heri; nami nikavuta
megabaiti mia mbili kwa bando la jirani.
Kadi nimeifuta, betri imejaa pomoni.
Onyo: usizime, usifungue, usiguse.
Mstari ukatambaa. Kumi na moja. Thelathini.
Hapo stima ikapotea Umoja nzima,
mbwa wakanyamaza, redio za watu zikanyamaza,
na mimi na kile kioo kidogo tukabaki macho
kama mkunga na taa yake.
Sikuvuta pumzi ya maana mpaka mia.

Kisha nikasoma walichoandika. Mistari miwili:
Tumeongeza lugha mbili kwenye menyu.
Tumeboresha uthabiti.

Lugha zenyewe nikazitafuta. Hii tunayosema si mojawapo.
Na uthabiti wa nani?
Mimi nina mkopo wa chama, nina goti la kushoto,
nina harusi kesho saa nne,
na hakuna aliyeniboresha.
Ile ya kutambua nyuso wamempa mdogo wake,
aliyetoka mwaka huu, mwenye herufi moja zaidi ubavuni
na bei ya ng'ombe wawili wa maziwa.
Achesa alishanitumia picha yake asubuhi:
"Kipya kinyemi, dada."
Nusu ya pili ya methali hakuiandika.
Nikamwandikia mimi: ingawa kidonda.

Leo, Ngara. Bibi harusi anaitwa Nasieku.
Nimeizima ile akili yote, nimeshika pete ya lenzi kwa vidole viwili
kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani:
kelele, kelele, kelele,
halafu kope. Kope zake moja baada ya nyingine,
na jasho dogo juu ya mdomo,
na keki huko nyuma, wingu tu, imekaa kwa adabu.
Nimepata kumi na nne. Nimekosa nyingi.

Nikifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu,
nitaangalia tena kama wameleta jingine.